Swali la Babu

Mwaka jana mwanafunzi wa Kidato cha Nne aliniuliza swali, nikalijibu vibaya.

Nafundisha historia huku Kasesya, mpakani mwa Tanzania na Zambia. Siku hiyo tulikuwa tumefika kwenye utawala wa Wanazi nchini Ujerumani. Niliandika miaka minne ubaoni, 1933, 1935, 1938 na 1941, nikachora mishale kati yake, nikaeleza kwamba katika miaka hiyo Wayahudi wa Ujerumani walinyang'anywa haki zao kwa sheria, kisha wakauawa. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. Akakiacha Kiingereza cha darasani, akauliza kwa Kiswahili: "Mwalimu, kama waliona wanachukiwa hivyo, kwa nini hawakuondoka? Si wangevuka tu mpaka?"

Wenzake walicheka, lakini lilikuwa swali la kweli. Kwetu sisi kuvuka mpaka si habari. Wamambwe na Walungu wako huku na wako ng'ambo. Mtu anavuka kwenda msibani, anavuka kumwona shangazi, anavuka kununua sukari bei ikishuka upande wa pili. Mstari wenyewe ulichorwa na watu wasiopajua, Waingereza na Wajerumani, katika mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, na ng'ombe wetu hawajausoma mpaka leo.

Nilimjibu kwamba nchi nyingi ziliwafungia milango. Kengele ikalia. Jibu hilo lina ukweli, lakini niliondoka nalo likinikera, maana lilikuwa jibu la mwaka wa mwisho kwa swali linaloanza mwaka wa kwanza.

Jioni ya siku ileile alikuja bibi mmoja nyumbani. Wazee wengi huku huniletea karatasi zao niwasomee na kuwajazia: barua za mirathi, fomu za bima, na siku hizi maombi ya kitambulisho cha taifa. Kwa mtu wa Dodoma au Singida, huenda fomu hiyo ni kazi ya dakika chache. Kwa mtu wa mpakani, maswali hurudi nyuma zaidi: mzazi wako alizaliwa wapi, na mzazi wake je? Nilimwamkia bibi, akaitika, akaketi kwenye mkeka. Tulipofika kwenye babu yake akanyamaza kidogo.

"Alizaliwa kule," akasema, akielekeza kidevu upande wa Mbala. "Lakini wakati huo kule hakukuwa kule, mwanangu. Palikuwa nyumbani tu." Kisha akaniuliza: "Babu yangu amekufa zamani. Wanamtakia nini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Usiku ule nilirudi kwenye vitabu vyangu kutafuta jibu la kijana, na nikajikuta natafuta na la bibi.

*

Hitler aliteuliwa kuwa Chansela wa Ujerumani tarehe 30 Januari 1933. Wakati huo Wayahudi wa Ujerumani walikuwa takriban 500,000, hawafiki hata mtu mmoja katika kila mia. Walikuwa raia kama raia wengine. Walipiga kura, walifundisha, walihukumu kesi, waliuza viatu na vitambaa, walilipa kodi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, wapatao 100,000 kati yao walivaa sare ya jeshi la Ujerumani, na 12,000 hivi walifia vitani.

Sheria kubwa ya kwanza dhidi yao ilitoka tarehe 7 Aprili 1933. Jina lake lilikuwa zuri: Sheria ya Kurejesha Utumishi wa Umma wenye Weledi. Kwa jina tu ungedhani inawasaka wazembe na wala rushwa. Ndani yake kulikuwa na kifungu kilichosema kwamba mtumishi asiye wa asili ya "Kiarya", yaani asiye wa damu ambayo Wanazi waliiona kuwa ya Kijerumani halisi, astaafishwe. Siku nne baadaye ikatoka kanuni ya kufafanua: akiwa na babu au bibi mmoja tu aliyekuwa Myahudi, mtu huyo si Mwarya.

Babu mmoja. Hapo ndipo nilipoiweka kalamu chini.

Lakini sheria ile ilikuwa na msamaha. Rais Hindenburg, jemadari mzee wa vita vilivyopita, aliomba waliopigana mstari wa mbele waachwe kazini, pamoja na waliofiwa na baba au mwana vitani, na waliokuwa katika utumishi tangu kabla ya vita. Kwa hiyo mwalimu Myahudi aliyekuwa na nishani alibaki darasani, na mwenzake kijana wa chumba cha pili akafungasha vitabu. Jiweke mahali pa yule mwenye nishani. Utasema nchi imeyumba, lakini haijasahau damu uliyoimwaga. Utasubiri ipoe. Hutaiuza nyumba na kwenda kuanza maisha katika lugha usiyoijua wakati serikali yenyewe imekuandikia kwamba wewe hugusiki.

Tarehe 25 Aprili ikaja nyingine: wanafunzi wapya wa Kiyahudi katika shule na vyuo wasizidi asilimia 1.5. Nayo haikumgusa asiye na mtoto wa kupeleka shule. Tarehe 14 Julai ikaja ya kuwavua uraia watu waliopewa baada ya 1918. Hiyo iliwalenga hasa Wayahudi waliotoka mashariki, Poland na kwingineko, na Wayahudi waliokuwa Ujerumani kwa vizazi vingi wakasema hao ni wageni, sisi ni wenyeji. Mawakili waliguswa, wenye maduka bado. Kila karatasi ilichukua haki za kundi moja, na kuliachia kundi jingine sababu ya kutulia.

*

Kuna mtu wa kwetu aliyeyaona haya kwa macho yake, na darasani sikuwa nimemtaja hata mara moja. Aliitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Ujerumani walimjua kama Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904, mtoto wa askari wa jeshi la Wajerumani. Vita vilipofika Afrika Mashariki mwaka 1914 aliingia jeshini pamoja na baba yake, akiwa na umri wa miaka kumi. Oktoba 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, kule Lindi, akachukuliwa mateka na Waingereza.

Wenzake walioendelea na Lettow-Vorbeck walizunguka hadi Msumbiji na kurudi, wakaishia jirani yetu kabisa. Tarehe 25 Novemba 1918 walisalimisha silaha zao Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, ng'ambo ya mpaka huu ninaouandika. Wajerumani waliondoka wakidaiwa mishahara na askari wao.

Mahjub alifanya kazi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin kudai mshahara wake na wa baba yake. Akaambiwa muda umepita. Akabaki. Akawa mhudumu katika jumba kubwa la starehe mjini humo, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza katika filamu zaidi ya ishirini. Tarehe 27 Januari 1933 alimwoa Maria Schwandner, mwanamke Mjerumani kutoka Sudeten. Siku tatu baadaye Hitler akashika madaraka.

Yeye hakuwa Myahudi. Namtaja kwa sababu sheria zilizoandikwa kwa ajili ya Wayahudi zilimfikia na yeye, na kwa sababu alikuwa na matumaini yaleyale ya wale wenye nishani: nimewatumikia, watanikumbuka.

*

Tarehe 15 Septemba 1935, katika mkutano wa chama cha Nazi mjini Nuremberg, Bunge lilipitisha sheria mbili kwa siku moja. Ya kwanza iliwagawa watu wa Ujerumani katika mafungu mawili: raia wa dola, wenye haki zote za kisiasa, na watu wa chini ya dola, ambao wanapaswa kuitii lakini hawana sauti ndani yake. Raia ni lazima awe wa damu ya Kijerumani au iliyo jamaa nayo. Ya pili ilikataza ndoa kati ya Wayahudi na Wajerumani, ikakataza uhusiano wa kimapenzi nje ya ndoa, na ikakataza nyumba ya Kiyahudi kumwajiri mtumishi wa ndani Mjerumani mwanamke aliye chini ya miaka 45. Ilimkataza Myahudi hata kupandisha bendera ya taifa.

Lakini Myahudi ni nani? Sheria zilipitishwa kabla ya swali hilo kujibiwa. Maofisa walibishana wiki kadhaa, na jibu likatoka tarehe 14 Novemba 1935: mwenye mababu na mabibi watatu au wanne Wayahudi ni Myahudi. Mwenye wawili ni Myahudi au ni chotara, kutegemea dini yake na mwenzi wake wa ndoa. Mwenye mmoja ni chotara wa daraja la pili.

Na babu aliyekufa alijulikanaje kuwa Myahudi? Hapo ndipo jambo lote linapojianika. Wanazi walihubiri damu, wakaandika vitabu vya damu, wakapima pua na mafuvu. Walipotaka kuitekeleza sheria hawakupata damu yoyote ya kupima. Walichopata ni madaftari. Sheria ilisema babu aliyekuwa mwanajumuiya wa dini ya Kiyahudi anahesabiwa kuwa Myahudi moja kwa moja. Kwa hiyo mapadre na wachungaji wakafungua vitabu vya ubatizo, makarani wa serikali za mitaa wakafungua vitabu vya vizazi na ndoa, na mamilioni ya Wajerumani wa kawaida wakaandika barua kuomba vyeti vya bibi na babu zao ili wathibitishe kwamba wao ni Waarya na wapate kazi. Mtu aliyebatizwa tangu utotoni, asiyejua neno moja la Kiebrania, aliamka na kukuta mababu zake wamemgeuza kuwa kitu ambacho hajawahi kuwa.

Mwezi huohuo wa Novemba serikali ikafafanua kwamba katazo la ndoa linawahusu pia Waroma na watu weusi. Mahjub alikuwa ameshaoa. Ndoa ikabaki, ila juu yake sasa kulikuwa na sheria.

Kwetu sheria ya namna hiyo haikuwa ngeni. Ukishuka kutoka huku juu hadi Ziwa Tanganyika, pale Kasanga, utakuta mabaki ya boma la Wajerumani walilolipa jina la Bismarckburg. Katika koloni lao Mjerumani alishtakiwa mbele ya hakimu, Mwafrika alisimama mbele ya ofisa wa boma, na adhabu aliyoizoea ilikuwa kiboko. Huyu alikuwa raia, yule alikuwa mtu wa kulindwa na kutozwa kodi. Mwaka 1905 mamlaka za Wajerumani katika nchi ambayo leo ni Namibia zilipiga marufuku ndoa kati ya weupe na weusi, na mwaka 1906 marufuku hiyo ikafika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Sisemi Nuremberg ilizaliwa Kasanga. Chuki dhidi ya Wayahudi huko Ulaya ina umri wa karne nyingi, na ina mizizi yake yenyewe. Ninachosema ni kwamba karani wa Kijerumani wa mwaka 1935 hakuwa wa kwanza katika nchi yake kuambiwa kwamba watu wanaoishi mahali pamoja wanaweza kuandikwa katika madaftari mawili, kila daftari na sheria yake.

Na ule msamaha wa waliopigana vitani? Hindenburg alifariki Agosti 1934. Kanuni za Novemba 1935 ziliufuta, na watumishi wa umma wa Kiyahudi waliokuwa wamebaki kazini wakastaafishwe ifikapo tarehe 31 Desemba. Mwalimu mwenye nishani alikuwa amesubiri miaka miwili na nusu.

*

Mwaka 1936 Berlin iliandaa michezo ya Olimpiki. Mabango yaliyosema Wayahudi hawatakiwi yaliondolewa mabarabarani kwa muda, wageni wakaja, wakaona mji safi. Wako waliodhani mambo yameanza kutulia. Michezo ilipokwisha mabango yakarudi.

Mwaka 1938 karatasi zilianza kunyesha. Aprili, kila Myahudi mwenye mali inayozidi Reichsmark 5,000 aiandikishe: nyumba, akiba, vito. Julai, madaktari Wayahudi wafutiwe leseni. Agosti, kila mwanamume Myahudi ambaye jina lake halimo katika orodha ya majina yaliyokubaliwa na serikali aongeze jina Israel, na kila mwanamke aongeze Sara, kuanzia tarehe 1 Januari 1939. Septemba, mawakili wa mwisho waondoke mahakamani. Tarehe 5 Oktoba, pasipoti zote za Wayahudi zikabatilishwa. Zilizorudishwa zilikuwa na mhuri wa herufi J nyekundu.

Niliwaza sana juu ya orodha ya mali. Hakuna aliyenyang'anywa chochote siku hiyo ya Aprili. Walitakiwa kuandika tu. Mtu mwaminifu alikaa mezani, akahesabu vijiko vyake vya fedha, akaandika idadi sahihi, akasaini. Miezi saba baadaye, usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba, masinagogi yalichomwa moto nchi nzima, maduka yakavunjwa, na wanaume wapatao 30,000 wakapelekwa kwenye kambi za mateso. Kisha serikali ikawatoza Wayahudi wenyewe faini ya Reichsmark bilioni moja kwa fujo walizofanyiwa. Haikuhitaji kuuliza nani ana kiasi gani. Walikuwa wameshajiandikisha. Amri ya tarehe 12 Novemba ikawafungia biashara na ufundi kuanzia mwaka mpya, na siku tatu baadaye watoto wao wakafukuzwa katika shule za serikali.

Sasa narudi kwa kijana wangu wa dawati la nyuma. Kwanza, nilikosea kwa kutomwambia kwamba wengi waliondoka. Kufikia Septemba 1939 zaidi ya nusu ya Wayahudi wa Ujerumani walikuwa wamekwisha kutoka. Baadhi yao walikuja hadi Afrika Mashariki. Wakili mmoja, Walter Zweig, alifika Kenya mwaka 1938, mkewe na binti yao mdogo wakamfuata. Mtu aliyezoea joho la mahakamani akawa mwajiriwa wa shamba. Binti huyo, Stefanie, alikua akiongea Kiswahili na baadaye akaandika riwaya juu ya maisha hayo.

Pili, aliyetaka kuondoka alilazimika kulipa. Kulikuwa na kodi ya kuikimbia nchi, robo ya mali yake, na kilichobaki kilikuwa kwenye akaunti asizoweza kuzitumia nje ila kwa hasara kubwa. Nchi za kupokea zilitaka mtu mwenye fedha, na nchi ya kutoka ilihakikisha hana. Julai 1938 wajumbe wa nchi 32 walikutana Évian, Ufaransa, kujadili wakimbizi hawa. Karibu wote walisikitika, na karibu wote walieleza kwa nini kwao nafasi hakuna. Na ile herufi J ilimwambia ofisa wa mpaka wa nchi nyingine, kabla mwenye pasipoti hajafungua kinywa, kwamba huyu hana pa kurudi.

Kwa hiyo wakati kubaki kulivumilika, kuondoka kulionekana ni woga. Kubaki kulipokuwa hakuvumiliki tena, kuondoka kulikuwa kumeshapandishwa bei. Sheria zilipangwa hatua kwa hatua, na ukizitazama moja moja hutaiona ile ambayo mtu mwenye akili timamu angepaswa kusema: hii ndiyo, leo nabeba watoto.

*

Vita vilipoanza mwaka 1939 karatasi ziliingia mpaka jikoni. Wayahudi wasitoke nje usiku. Wasalimishe redio zao. Wanunue chakula saa maalumu tu. Mahjub, huko Berlin, alijitolea kuingia jeshini, akakataliwa. Dola iliyomwona hafai kuvaa sare yake iliendelea kumtumia mbele ya darasa la Kiswahili, maana ilikuwa bado inaota kurudishiwa makoloni, na mbele ya kamera. Filamu yake ya mwisho, iliyotoka 1941, ilimsifu Carl Peters, yule ambaye wazee wetu walimpa jina la Mkono wa Damu. Mtoto wa Dar es Salaam aliigiza kuwa mtumishi wake. Simlaumu wala simpambi. Alikuwa na familia, na milango iliyobaki wazi ilikuwa ile.

Mwaka huohuo alishtakiwa kwa watesi wake kwamba ana uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Kosa liliitwa kuinajisi mbari, jina lililotokana na ile sheria ya pili ya Nuremberg. Gestapo walimkamata. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya Sachsenhausen, kaskazini mwa Berlin.

Tarehe 19 Septemba 1941 Wayahudi wote wa Ujerumani wenye umri wa miaka sita na zaidi walianza kuvaa nyota ya njano kifuani. Oktoba, kuondoka nchini kukapigwa marufuku kabisa, na treni za kuwahamisha kwenda mashariki zikaanza kutoka Berlin. Kisha tarehe 25 Novemba 1941 ikatoka kanuni ambayo mimi, mtu wa mpakani, naiona kuwa baridi kuliko zote. Ilisema Myahudi ambaye makazi yake ya kawaida yako nje ya Ujerumani si mtu wa dola tena, na mali yake inakuwa ya serikali. Soma tena polepole. Treni zilikuwa zikielekea Riga na Minsk, nje ya Ujerumani. Aliyepakiwa kwa nguvu alihesabiwa kuwa amehama. Gurudumu lilipovuka mstari, alikuwa hana nchi, hana nyumba, hana akiba, na hapakuwa na haja ya hakimu yeyote kusaini. Mpaka wenyewe ulikuwa umegeuzwa kuwa mhuri.

Miaka minane kabla yake, ilikuwa imeanza na kustaafishwa kwa watumishi. Mwisho wake ulikuwa kuuawa kwa Wayahudi wa Ulaya wapatao milioni 6.

Mahjub bin Adam Mohamed alifariki Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Tangu 2007 kuna kibamba kidogo cha shaba chenye jina lake, kimepachikwa barabarani Berlin, mbele ya nyumba namba 193 ya mtaa wa Brunnenstraße. Kesho yake ilitimia miaka 26 tangu wenzake waweke silaha chini hapo Abercorn, ng'ambo yetu.

*

Wiki iliyofuata niliwaeleza wanafunzi haya yote, kwa Kiswahili, vipindi viwili mfululizo. Yule kijana alisikiliza bila kucheka. Mwishoni akauliza: "Na wale makarani, Mwalimu? Wale wa kuandika. Walijua?"

Nilimwambia wengi wao walijua kiasi cha karatasi iliyokuwa mbele yao. Wa ubatizo alitoa cheti. Wa pasipoti alipiga J. Wa reli alipanga mabehewa. Kila mmoja angeweza kusema hakuua mtu.

Swali la babu halikufa na Wanazi, wala si la Ulaya peke yake. Hata jirani zetu wa magharibi, Kongo, waliwahi kuliuliza. Mwaka 1972 sheria iliwapa uraia watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa Kivu tangu kabla ya 1950. Mwaka 1981 sheria nyingine ikaufuta, ikataka mtu athibitishe kwamba mababu zake walikuwa ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Agosti 1885, wakati sehemu kubwa ya mipaka hiyo ilikuwa haijakanyagwa na waliyoichora. Watu walilala raia, wakaamka wageni, na mashariki ya Kongo bado inalipia.

Sitaki nieleweke vibaya. Fomu ninayomjazia bibi si fomu ya Nuremberg. Nchi ina haki ya kujua watu wake, na kitambulisho hiki kinampa mtu haki: kinamfungulia benki, kinamsajilia laini ya simu, kinampeleka mtoto chuo. Fomu ya kutoa na fomu ya kunyang'anya hazifanani. Lakini zinaulizia babu yuleyule, kwenye mstari uleule wa nukta, na anayejaza hawezi kujua nani atalifungua faili hilo miaka ishirini ijayo, akiwa anatafuta nini.

Bibi aliporudi kuchukua fomu yake alinishauri niandike tu kwamba babu alizaliwa upande huu. "Nani atamfufua aseme?" Nilishawishika. Ingerahisisha kila kitu. Lakini niliandika kijiji chenyewe, kwa jina lake, kama alivyokitaja. Kisha nikafanya jambo ambalo zamani sikuwa nalifanya: nikamwambia nitakwenda naye.

Tulipanga foleni asubuhi. Dirishani alikuwapo kijana mpole, macho mekundu kwa usingizi. Alisoma mpaka kwenye mstari wa babu, akasimama, akainua macho. Nikaanza kueleza: mkataba wa 1890, Abercorn, Mbala. Bibi akanigusa mkono ninyamaze, akajisemea mwenyewe.

"Huyo alizaliwa nyumbani," akamwambia. "Mpaka ulimkuta pale."

Kijana aliandika kitu pembeni kwa penseli. Sikuweza kukisoma. Akapiga mhuri wa kupokea, akatuambia tusubiri tutaitwa. Bado tunasubiri.